Beleshi la Mzee Cornel

Kijiwe chetu kilikuwa taruma moja la reli, la mti mgumu, lililolazwa juu ya mawe mkabala na stesheni ya Kilosa. Nani alilileta pale hatukuwahi kujua, ila lilikuwa bado na matundu ya misumari, na kila mmoja wetu alikuwa na tundu lake alilozoea kukaa karibu nalo. Asubuhi Mzee Kibwana alifika na dele lake la kahawa na vikombe vinavyogongana, akaketi kwenye kigoda, nasi tukaanza kuiendesha nchi. Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Njaa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imepungua, lakini bado tulikuwa tukila ule unga wa njano tuliouita Yanga, na Anselmi, ambaye alikuwa mtu wa Simba tangu utosini hadi kwenye kucha, aliula akiwa amefumba macho.

Siku hiyo Balozi alichelewa. Jina lake Melkizedek, lakini kwa kuwa alikuwa balozi wa nyumba kumi hatukulitumia, na nadhani hata mkewe alikuwa ameanza kulisahau. Aliketi bila kusalimia watu vizuri.

— Katibu wa kata anataka mtu, akasema.

— Kafanya nini? akauliza Lupakisyo.

— Hajafanya kitu. Kila mtaa utoe mtu mmoja aende Morogoro akajifunze mambo ya lishe, kisha arudi kutufundisha sisi namna ya kula. Jina linatakiwa leo, kabla ofisi haijafungwa mchana. Awe mtu mwenye sifa.

— Sifa zipi?

Balozi alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Zinazofaa, akasema.

Mzee Cornel alikuwa ameketi mwisho wa taruma, upande wa stesheni, mahali pake pa siku zote. Tulimwita Faya kwa sababu enzi za kuni na makaa ya mawe alikuwa mchochea moto kwenye injini za treni. Baadaye injini zikaanza kunywa mafuta, beleshi lake likakosa kazi kabla yake, na alipostaafu alirudi nalo nyumbani. Alipewa au alijipa, hatukuuliza. Treni ikipiga honi alikuwa akisimama, anatazama ule moshi ambao haukuwapo tena, kisha anaketi. Tangu astaafu hakuna aliyelitaja jina lake kwa kazi yoyote. Niliona namna alivyokiweka kikombe chini aliposikia habari ya Morogoro.

— Anakwenda kwa treni? akauliza.

— Kwa treni. Nauli ya serikali.

Faya akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa karanga, akaanza kuzigawa. Hiyo ilikuwa desturi yetu. Kila asubuhi alikuja na mfuko uliojaa karanga zilizokaangwa na mkewe Hildegarda, zikapita mkono kwa mkono mpaka kahawa iishe. Safari hii alianza na Balozi, akampa mara mbili.

— Ndugu Balozi, akasema kwa sauti ya chini, naomba jina hilo liwe langu.

Balozi alitafuna kwanza. Akasema hana kinyongo, lakini hawezi kupeleka jina ofisini bila kujua kama mwenye jina ana sifa, na hawezi kujua kama ana sifa bila kujua sifa zenyewe ni zipi. Ndipo tulipoanza.

Lupakisyo ndiye aliyetangulia, kwa kuwa sisi tulimwita Daktari. Alikuwa amekuja kutoka Mbeya ujanani kukata mkonge, akaishia kwenye zahanati ya shamba, ambako kazi yake ilikuwa kuwashika miguu wagonjwa wanaoogopa sindano. Alituambia kwamba mtu wa lishe sharti awe na koti jeupe. Bila koti, akasema, wewe ni mtu anayezungumza juu ya mboga tu, na watu wa namna hiyo wako wengi, wako sokoni. Pili, awe anajua kuchoma sindano, maana siku zinakuja ambapo ugali utapigwa kwa sindano, asubuhi moja, na mtu anashiba mpaka Ijumaa.

— Mboga je? Anselmi akauliza.

— Mkono wa pili.

Anselmi hakukubali. Yeye alikuwa mtu mnene, wa furaha, mchukuzi wa magunia pale gudsi, kwenye ghala la mizigo la stesheni, na tulimwita Behewa. Kwa maoni yake sifa ya kwanza ilikuwa tumbo. Mtu mwembamba akija kukufundisha kula, alitaka kujua, anakuonyesha nini? Fundi cherehani huja na nguo aliyoishona. Basi na huyu aje na mwili alioushona. Wampandishe kwenye mizani ya vifurushi pale stesheni, mshale usipovuka katikati arudi nyumbani, akajisomee.

Lupakisyo akasema mtu wa lishe mnene ni ushahidi kwamba chakula cha kufundishia amekila njiani. Walivutana hapo kidogo. Mzee Kibwana akamimina duru nyingine bila kuombwa, kama refa.

Mimi nilikuwa msomaji wa magazeti wa kijiwe, na niliona ni wajibu wangu kusema nilichowahi kukisoma, kwamba wako watu wanaoisomea kazi hiyo chuoni miaka mitatu au minne. Anselmi aliacha kutafuna.

— Miaka minne wanasoma ugali?

— Na vyakula vingine.

— Mimi ugali niliuelewa siku ya kwanza.

Wote walicheka, nami nikacheka nao. Lakini tayari Anselmi alikuwa ameondoka mjini Kilosa kwa mawazo na kufika Mikumi. Alisema shule ya kweli ya lishe iko kule mbugani na haina ada. Mtu apelekwe, akae juu ya mti mwezi mzima, atazame nani anakula nini na nani ananenepa. Kiboko anakula majani tu, tena usiku, wala hana mchuzi, naye ana mwili kama tangi la maji la stesheni. Simba anakula nyama peke yake na mbavu zinahesabika. Kwa hiyo nyama inakondesha, na majani ya usiku yananenepesha, na hayo yote hakuna aliyeyasoma chuoni.

Balozi, aliyekuwa akisikiliza kama hakimu, alisema hoja ya Mikumi ina uzito lakini inakosa mtihani. Serikali haiwezi kumwajiri mtu kwa kukaa juu ya mti. Yeye alipendekeza Vidunda, kile kijiji cha juu mlimani. Mtahiniwa ale kile anachotaka kuwafundisha wenzake, shibe yake yote, kisha abebeshwe gunia la mahindi kichwani na kupandishwa mlima. Akifika Vidunda na gunia, amefaulu daraja la kwanza. Akifika bila gunia, daraja la pili.

— Asipofika? nikauliza.

— Chakula chake kinafutwa.

Faya alikuwa amewasikiliza wote kwa heshima, akigawa karanga kila zilipokwisha mikononi. Sasa alisimama, akavuka barabara kuelekea nyumbani kwake, nyumba ya nne kutoka pale kijiweni, akarudi na beleshi. Lilikuwa limefungwa kwenye gunia kuukuu. Alilifungua taratibu, akaliweka juu ya magoti. Bapa lake lilikuwa limekwisha pembeni na kung'aa katikati kama sarafu.

— Sifa zangu ndizo hizi, akasema.

Akatueleza kwamba tumbo la mtu ni boila. Injini ikipewa makaa mengi mno inafukuta moshi na haiendi. Ikipewa machache inafika Kidete na kulala. Kuni mbichi zinaipa kikohozi. Yeye aliilisha injini miaka yake yote na haikuwahi kumlalia mlimani. Zaidi ya hayo, wakati treni ikisubiri njia, alilisafisha beleshi hili kwa mvuke, akalitia tone la mafuta, akalisukuma mlangoni mwa moto na kukaanga mayai. Dreva wake, Singasinga mmoja mkali, alikuwa akila mayai hayo akiwa amefumba macho.

— Kama mimi na Yanga, Anselmi akasema.

— Kwa utamu, Behewa.

Lupakisyo alitaka kujua kama mayai hayo hayakuwa na makaa. Faya akajibu kwamba yalikuwa nayo, na ndiyo sababu dreva hakuwahi kuumwa tumbo. Lupakisyo, kama daktari, akakiri kwamba makaa husafisha. Balozi alikuwa akilitazama beleshi kwa namna ambayo ilinipa matumaini, na Faya naye aliiona. Akamwongezea karanga.

Wakati huo treni ya kutoka Morogoro ikaingia. Faya alisimama, akatazama, akaketi. Walishuka abiria, na mmoja wao, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyevaa viatu vya kufunga, alivuka barabara akaja kwetu. Alikuwa na kikapu, na juu ya kikapu palikuwa na mizani ya kuning'iniza, ya duara, yenye ndoano chini.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, binti.

Aliuliza ofisi ya kata iko wapi. Balozi akamwonyesha, lakini akamwambia katibu bado hajarudi kutoka kwenye mashamba ya ushirika, basi aketi kwanza anywe kahawa. Aliketi. Kwa sababu ya ile mizani Anselmi alimdhani mnunuzi wa choroko, akamwonya kwamba choroko za mwaka huu ni nyepesi. Msichana akashukuru kwa taarifa. Akasema anaitwa Filomena.

Faya akampa karanga. Filomena akazipokea kwa mikono miwili, akasema zimekaangwa vizuri.

Kwa kuwa alikuwa msikilizaji mzuri, tulimpa habari yote tangu mwanzo: koti, tumbo, Mikumi, gunia la Vidunda, na beleshi. Hakucheka. Kwenye kiboko tu ndipo alipoinamia kikombe chake kwa muda mrefu kidogo. Mwishowe Lupakisyo akamuuliza yeye, kama mtu wa safari, anadhani mtu wa lishe anapaswa kuwa na sifa gani.

— Mimi walinitaka niwe nimefaulu baiolojia na kemia, akasema. Kisha chuo. Kisha wakanipeleka wodini na kwenye jiko la hospitali, nikakaa huko mpaka miguu ikavimba. Mimi ndiye nitakayewafundisha hao mtakaowapeleka Morogoro, baba, na majina yao ndiyo niliyoyafuata huku.

Anselmi alivuta tumbo ndani kadiri lilivyokubali.

— Na huyu wa kwetu? Balozi akauliza, akiwa amekaa wima kabisa sasa. Huyu anayekuja kujifunza?

— Huyo si lazima asome kama mimi. Ajue kusoma na kuandika. Halafu aweze kuingia kwenye majiko ya watu asifukuzwe. Filomena akaziangalia zile nyumba ng'ambo ya barabara, moshi ukitoka nyuma ya kila moja. Ngoja niwaulize, wazee wangu, akasema. Katika nyumba zenu hizi kumi, mtoto mdogo kuliko wote ni yupi, na leo asubuhi amekula nini?

Tulimgeukia Balozi. Balozi alijua nani ana kadi ya chama na nani hana, alijua kila mgeni aliyelala mtaani na alikotoka, na alijua mbuzi wa nani alikula mhogo wa nani. Akavua kofia tena, akaitazama ndani. Lupakisyo akasema kwamba mtoto mdogo kwa kawaida hunyonya. Filomena akamwuliza yupi huyo anayenyonya. Lupakisyo akasema kwa kawaida. Mimi nilizitazama nyumba zile, ambazo nilizipita kila siku ya Mungu, na nikaona kwamba nilichokijua ni rangi za milango.

Faya akanyanyuka na beleshi lake.

— Dreva akitaka kujua moto ukoje, akasema, haniulizi nadhani nini. Nafungua mlango natazama.

Akavuka barabara.

Yaliyofuata tuliyaona tukiwa kwenye taruma, mengine tuliyasikia. Aliingia nyuma ya nyumba ya kwanza, ya Joha, mke wa fundi reli. Joha alikuwa akisonga. Alipoinua macho alimwona mzee wa mtaa amesimama mlangoni mwa jiko, asubuhi, amevaa koti, amekaza uso, na beleshi begani. Mwiko ulimtoka mkononi.

— Nani amefariki? akauliza.

Faya akamwambia hakuna aliyefariki, ila yeye anamtafuta mtoto mdogo kuliko wote. Hilo ndilo Joha alilolisikia, beleshi na mtoto mdogo kuliko wote, na hakungoja zaidi. Alijitanda kanga kichwani akatokea uani kwa kilio. Nyumba ya pili ikaitika kabla Faya hajafika, ya tatu ikafuata, na mara wanawake wote wa nyumba kumi walikuwa njiani, wamejitanda, wanaelekea upande mmoja wakipishana na Faya, ambaye alikuwa anajaribu kumweleza kila aliyempita kwamba ni mambo ya lishe. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka na kuvua kofia.

— Wanakwenda wapi? Balozi akauliza.

— Kwake, nikasema.

Walikuwa wanakwenda nyumba ya nne. Hildegarda alitoka kwenye jiko lake akiwa na mjukuu mgongoni, akawakuta wamejaa uani wanalia, akaanza kulia yeye pia kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa hajaanza. Sisi nasi tulivuka barabara, Filomena mbele. Tulipofika, Joha alikuwa ameishika miguu ya yule mtoto mgongoni mwa Hildegarda, akiichunguza.

— Mbona mzima? akasema.

Kilio kikakatika. Wote wakamgeukia Faya, ambaye alikuwa amefika wa mwisho, anahema. Akawaeleza tena, pole pole, kwamba kuna swali limeulizwa kijiweni. Nani mtoto mdogo kuliko wote katika nyumba kumi, na amekula nini.

— Si ndiye huyu Oswald wako, Hildegarda akasema.

— Nilidhani wa Joha ndiye mdogo.

— Wa Joha anatembea, Cornel. Mwenzake huyu hata kutambaa hajatambaa.

Faya alimtazama yule mtoto kama anayemwona akishuka kwenye treni. Alikuwa mwana wa binti yake Raheli, aliyekuwa shambani asubuhi hiyo, na alizaliwa mle mle ndani, chumba cha pili.

Filomena akaomba ampime. Palihitajika mahali pa kutundika mizani, na uani hapakuwa na boriti wala mti, ila kamba ya kuanikia nguo ambayo hata nguo ilizilalamikia. Faya akatazama huku na huku, kisha akanyoosha beleshi. Anselmi alichukua upande mmoja begani, Lupakisyo mwingine, na mizani ikaning'inia katikati ya mpini. Kwa kuwa Anselmi alikuwa mrefu na Lupakisyo mfupi, mizani ilimtelezea Lupakisyo, ikabidi Anselmi apige magoti. Oswald akavishwa kitambaa chenye matundu ya miguu, akatundikwa, akatuangalia wote mmoja mmoja bila kuvutiwa na yeyote.

Mshale haukuvuka katikati. Haukufika hata karibu. Lakini safari hii hakuna aliyemrudisha mtu nyumbani.

— Mwepesi kidogo, Filomena akasema. Si wa kutisha. Amekula nini asubuhi?

— Uji, Hildegarda akajibu.

— Wa nini?

— Wa huu unga wa njano. Na maji.

— Bila kitu ndani? Maziwa, karanga za kusaga?

Hildegarda aliinua macho. Hakumtazama Filomena. Alimtazama mumewe, kwenye mfuko wa koti.

— Karanga zipo, akasema. Nazikaanga kila siku.

Anselmi, akiwa bado amepiga magoti chini ya beleshi, aliacha kutafuna. Nami nilikuwa na ganda jembamba la karanga kwenye jino, nikaliacha hapo hapo lilipo. Lupakisyo alifungua kiganja, akaziona zilizobaki, akanyoosha mkono polepole akazirudisha kwenye mfuko wa Faya. Balozi naye akafanya hivyo. Zilikuwa chache, na zilitoa sauti ndogo zilipokuwa zinaanguka.

Faya aliingiza mkono mfukoni, akampa Hildegarda zote, akamwuliza kinu kiko wapi. Nikajua kwamba yeye mwenyewe ameona jina lake halitakwenda popote, maana hakumtazama Balozi tena. Aliketi kwenye kigoda cha mkewe akaanza kutwanga, kwa ile miondoko ya mtu aliyezoea kulisha kitu kikubwa, na wanawake wakamwambia apunguze nguvu, si mlima wa Gulwe huo.

Uji ulipokuwa tayari alimpa mtoto mwenyewe. Kijiko cha kwanza Oswald alikishangaa, cha pili alikimeza, cha tatu alikirudisha kwenye koti la babu yake. Faya akapangusa, akajaribu tena na kidogo zaidi.

— Mengi mno yanafukuta moshi, akamwambia mtoto.

Filomena alikuwa anaitoa mizani kwenye mpini. Akamwuliza Balozi, bila kugeuka, kama jina lilikwisha kupatikana.

Balozi alitazama uani. Wanawake wa majiko yote kumi walikuwa wamemzunguka mzee mmoja, wanamwambia anavyokosea, na hakuna aliyekuwa anamfukuza.

— Ndugu Cornel, akasema, ukoo wako nani vile?

Alikuwa balozi wake kwa miaka. Faya akageuka na kijiko mkononi, akataja jina la baba yake kwa sauti ya mtu aliyeitwa kazini, kisha akamgeukia mtoto kwa sababu alikuwa anasubiri.

Aliondoka kwa treni wiki ile. Ilipopiga honi hakuna aliyesimama kwenye taruma, kwa kuwa aliyekuwa akisimama alikuwa ndani. Sisi tulibaki mahali petu, kila mtu na tundu lake. Mzee Kibwana alimimina, tukapokea vikombe, na mikono yetu ikaelekea mwisho wa taruma, upande wa stesheni, kama ilivyozoea. Hapakuwa na mtu. Tukairudisha, tukanywa kahawa ile ikiwa peke yake, na Anselmi akasema miaka yote hiyo hakuwahi kujua kwamba ni chungu kiasi hicho.